Kanyaga Mia

Katika gereji ile, mtu akiita "Fundi Waya!" hakuna aliyegeuka kutafuta mwanamume. Walishazoea. Wageni ndio waliopata tabu: wanaingia, wanamkuta mwanamke wa makamo amelala chali chini ya dashibodi, miguu tu ikionekana nje ya mlango wa gari, nao wanamuuliza, "Samahani mama, fundi tunampata wapi?" Yeye hujibu kutoka huko huko ndani, tochi ikiwa mdomoni, kwa sauti ya mtu aliyejaza kinywa chakula cha moto: "Fundi ndiye huyu unayemkanyagia waya."

Kazi yake ni umeme wa magari, na kwa namna ya pekee umeme wa gari moja, gari la mbio la kaka yake. Huyo kaka ndiye aliyemlea. Wazazi walitangulia mapema, na kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinajishauri akajikuta ni baba, mama na mpishi mbaya. Alipomkuta mdogo wake ameifungua redio ya nyumbani mpaka skrubu ya mwisho, hakumchapa. Alimletea redio nyingine mbovu na kumwambia, "Hii ndiyo ya kuharibu. Ile tunasikilizia habari." Miaka baadaye, walipotokea watu wa kusema kwamba waya na mwanamke haviendi pamoja, kaka aliwaambia watafute gari lingine la kuegemea. Mambo kama hayo hayasahauliki, na Fundi Waya hakuyasahau.

Kaka mwenyewe uwanjani aliitwa Baadaye. Madereva wenzake wakiikaribia kona hukanyaga breki. Yeye hukanyaga baadaye, pale ambapo mtu mwenye akili timamu ameshafumba macho. Jina lilimpenda likamfuata mpaka nyumbani. Bomba linavuja? Baadaye. Jino linauma? Baadaye. Mkewe alikuwa akisema kwamba siku mtoa roho akija atapewa kiti na kuambiwa asubiri kidogo.

Misimu miwili iliyopita timu yao ilipata kinasa data. Ni kisanduku cha chuma, kidogo kama kisahani cha sabuni, ambacho kazi yake ni kukaa garini na kuandika kila kitu: injini inazunguka kiasi gani, usukani umekatwa vipi, gurudumu lipi linateleza, mguu umekanyaga nini na kwa nguvu gani. Mbio zikiisha unachomeka kompyuta na kila jambo linatoka kwa mistari ya rangi. Baadaye alikitazama kwa jicho la pembeni.

"Mdogo wangu, yaani umenifungia mmbea ndani ya gari?"

Tangu siku hiyo kisanduku kikaitwa Mmbea, na gereji nzima ikakiheshimu kama wambea wote wanavyoheshimiwa, kwa woga.

Fundi Waya alikifunga kwa mikono yake. Umeme aliuchukua baada ya swichi kuu na kuupa fyuzi yake peke yake, ili gari likiwashwa na stata ikivuta, Mmbea asizimie. Ethi, waya wa kurudisha umeme, aliipeleka moja kwa moja kwenye betri, si kwenye bodi, kwa maana bodi la gari la mbio lina rangi, kutu na uongo mwingi. Sensa ya breki aliifunga kwenye bomba la mafuta ya breki, na waya wake akaupitisha mbali kabisa na waya za plagi zinazowasha injini. Waya za plagi zina kelele. Sensa ikilala karibu nazo inasikia mambo yasiyoihusu. Kila kiungo alikibana, akakivuta kwa vidole, akakibana tena. Watu walimwona anapoteza muda. Yeye alikuwa na msemo wake kwamba waya uliofungwa kwa haraka hukatika kwa haraka.

Kisha ikaja kazi ya kukifundisha. Mashine ya namna hii haijui lolote mpaka uiambie. Unaipa jina la kila inachokisoma, naye aliyaandika kwa lugha yake mwenyewe, Usukani, Mafuta, Breki, maana hakuona sababu ya kumlazimisha mmbea wa nyumbani aseme kigeni. Halafu unaipa kipimo. Unaiambia hapa ni sifuri, hapa ni mia. Kwa pedeli ya mafuta ilikuwa rahisi: dereva anatoa mguu, unabonyeza "hifadhi", hiyo sifuri, anakanyaga mpaka chini, unabonyeza "hifadhi", hiyo mia. Utaratibu ulimpendeza. Alipofika kwenye breki akafanya vile vile.

Hapo ndipo alipokosea, lakini kosa lenyewe lilikuja limevaa nguo nzuri, likapewa kiti.

Maana jambo lile liligeuka kuwa desturi. Kabla ya kila mbio, Baadaye anaingia kwenye kiti na kandambili zake, dada mtu anapiga magoti mlangoni na kompyuta mapajani, na timu nzima inazunguka gari.

"Kaka, toa mguu."

"Nimetoa."

"Kanyaga mia."

Naye anakanyaga mpaka kiti kinalia. "Mia hiyo!"

"Mia!" wanaitikia wote, kidole kinabonyeza "hifadhi", makofi yanapigwa. Ilifika mahali hakuna aliyethubutu kwenda uwanjani bila hiyo mia. Aliyechelewa kuiitikia alionekana ameleta nuksi. Na desturi ikishaota mizizi, nani tena anauliza mbegu ilitoka wapi?

Msimu huu mambo yalianza kwenda kombo. Gari lililokuwa likimaliza mbele sasa lilimaliza katikati, halafu nyuma ya katikati. Baadaye alirudi kila mara na neno moja, kwamba breki ni laini. Mzee Spana, fundi wa mitambo wa timu, alibadilisha pedi. Akamwaga mafuta ya breki akatia mapya. Akabadilisha silinda kuu. Breki zikabaki laini. Fundi Waya alichungulia mistari ya Mmbea na kuona kwamba kaka yake, kwenye kila kona, amekanyaga mia kamili.

"Mzee wangu, mguu ni mia," alimwambia Mzee Spana. "Anayekanyaga anakanyaga. Tafuta kwako."

Mzee alijifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono, akarudi chini ya gari. Kwa mtu aliyezeekea kwenye breki, maneno yale yalikuwa kama kuambiwa hajui kunawa.

Lilikuwepo na jambo jingine dogo, ambalo halikuonekana kuwa jambo. Siku moja wamekaa mezani, Baadaye akaingia kutoka uani na kandambili moja. Ya mguu wa kulia ilikuwa imebaki katikati ya ua, peke yake.

"Baba, ile nyingine umeiweka rehani?" binti yake akamtania.

Baadaye akatazama chini, akaona vidole vyake vikiwa wazi kwenye sakafu, akacheka kuliko wote. Wakacheka wote. Fundi Waya naye alicheka, akamwongezea mchuzi.

Siku tatu kabla ya mbio za mwisho wa msimu walikwenda uwanjani kujaribu gari. Baadaye alikuwa amekwenda kuchukua matairi, kwa hiyo binti yake akaingia badala yake. Naye ni dereva, ingawa wa magari madogo, na mkaidi kwa kurithi. Alizunguka mara chache akarudi, akavua helmeti huku akicheka.

"Shangazi, nani kasema breki ni laini? Nusura nipige pua kwenye usukani!"

Fundi Waya akachomeka kompyuta. Mstari wa breki ulikuwa umepanda ukapita juu ya karatasi, tuseme. Mia na sabini.

Timu iliangua kicheko. Mtu atakanyagaje mia na sabini ya mia? Mmbea sasa amekuwa mwongo! Fundi Waya hakucheka. Kwake mashine kudanganya maana yake ni waya, na waya maana yake ni yeye. Akavua kofia, akaingia chini ya dashibodi. Alichomoa plagi ya sensa akakagua pini moja moja. Akapima umeme unaoingia, ukawa sawasawa. Akapima ethi, ikawa safi. Akafuata waya kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho kama anayetafuta mwiba, asipate mchubuko wala unyevu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi hakuona kosa lake na hakufurahi.

"Mzee wangu, hebu ingia unikanyagie."

Mzee Spana, ambaye magoti yake yalikuwa yakilalamika kila akiinuka, alijipenyeza kwenye kiti kwa maneno mengi, akakanyaga. Mia na hamsini na kitu. Alitoka amejaa kiburi cha ajabu.

Wengine wakaenda kunywa chai. Fundi Waya alibaki amechuchumaa mlangoni anatazama zile pedeli. Akaikanyaga ya mafuta kwa mkono: ikashuka, ikagonga sakafu, ikagoma. Nani akiikanyaga, mwisho wake ni pale pale. Akaikanyaga ya breki: ikashuka kidogo, ikawa ngumu, lakini haikugonga popote. Kadiri unavyoongeza nguvu ndivyo inavyopokea. Pedeli ya mafuta ina mwisho wake. Pedeli ya breki mwisho wake ni mguu.

Akaelewa. Ile mia haikuwa breki. Ile mia ilikuwa kaka yake. Kabla ya kila mbio alikuwa akimwuliza, kwa heshima na makofi, nguvu zako zinaishia wapi leo? Kisha anaifundisha mashine kwamba dunia nayo inaishia hapo hapo. Mguu ukipungua, mia inapungua nao, na mstari unabaki kusema mia.

Chini ya vipimo hivyo Mmbea huhifadhi pia shinikizo lenyewe la mafuta ya breki, bila tafsiri ya mtu. Fundi Waya hakuwahi kulitazama, la nini, wakati mia ipo? Akalifungua sasa, kutoka mbio za kwanza kabisa. Mstari haukuanguka mahali popote. Ulishuka tu, mbio baada ya mbio, polepole, kama mtu anayeteremka ngazi amebeba mtoto aliyelala. Akaikumbuka ile kandambili uani na kicheko chao mezani. Akalia pale pale, kichwa kimeegemea mlango wa gari, akiomba wazi kabisa kwamba liwe kosa la waya, liwe kosa lake, wamcheke mpaka wachoke.

Alipojifuta macho alimtafuta Mzee Spana.

"Mzee wangu, naomba unisamehe. Breki zako hazikuwa na kosa hata siku moja."

Mzee alimtazama, kisha akaitazama kompyuta aliyoishika. Hakuwa msomaji wa mistari, lakini alimjua Baadaye na alijua mahali pa mguu.

"Yule hatakwenda hospitali kwa kuambiwa," alisema. "Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwambie."

"Kwa nini mimi?"

"Si wewe unayemwambia akanyage?"

Uwanja ule una njia iliyonyooka ambako gari hufika mwendo wake wote, na mwisho wake kuna kona ya ghafla iliyokingwa na ukuta. Matairi yamepangwa mbele ya ukuta, lakini matairi ni faraja ya watazamaji. Mtu asiyeweza kusimamisha gari pale hana nafasi ya pili. Fundi Waya aliuona ukuta ule akipika, akiosha vyombo na akijaribu kulala.

Siku moja kabla ya mbio, mchana, timu ilikusanyika gerejini kwa ajili ya mia. Aliwaomba wote watoke nje na akafunga mlango. Walidhani kuna jambo la kifundi. Baadaye alikuwa ameshakaa kwenye kiti, kandambili miguuni, mikono juu ya usukani, amechangamka.

"Leo umewafukuza mashabiki wangu?"

"Toa mguu, Kaka."

"Nimetoa."

"Kanyaga mia."

Kiti kikalia. "Mia hiyo!"

Nje kidogo mtu akaitikia "Mia!" halafu akanyamaza alipoona yuko peke yake. Kwenye kompyuta ilisimama sitini na sita.

"Kanyaga tena, Kaka."

Akakanyaga tena. Mishipa ya shingo ilimsimama na taya likatetemeka. Sitini na nne. Aliigeuzia shingo kompyuta akaona.

"Rekebisha mashine yako."

"Nimeirekebisha. Ndiyo maana inasema hivyo. Mia ya sasa ni nguvu inayosimamisha gari kabla ya ukuta. Juzi binti yako ameipita. Mzee Spana kaipita, na yale magoti yake."

Baadaye alicheka kidogo, kicheko ambacho hakikupata wa kukipokea, kikafa. Akaanza kusugua paja la kulia.

"Unakufa ganzi," akasema hatimaye. "Nilidhani ni kiti. Nikabadilisha mto. Kisha nikadhani ni breki."

"Unazifikiaje kona?"

"Naanza mapema." Hakumtazama. "Naanza mapema, ili nifike na wenzangu."

Baadaye, mtu wa kukanyaga baadaye, alikuwa anaanza mapema, na hakumwambia mtu.

"Ungeniambia."

"Nikwambie nini? Kwamba mguu umenikana?" Akashusha sauti, maana watu walikuwa nyuma ya mlango. "Sikiliza, mdogo wangu. Ni mbio hii moja. Rudisha kipimo cha zamani, hifadhi mia yangu, watu wapige makofi, tumalize msimu. Hospitali nitakwenda baadaye. Nakuapia."

Mashine ingekubali, na hilo ndilo lililomtisha. Kwenye kioo palikuwa na swali dogo, *Hifadhi? Ndiyo. Hapana*, na kidole chake kilikuwa kimezoea njia ya kwenda kwenye Ndiyo kuliko njia ya kwenda nyumbani. Kubonyeza mara moja tu, nje wangeshangilia, na kaka yake angekuwa tena Baadaye mpaka kesho mchana. Yeye aliyempa redio ya kuharibu hakuwahi kumwomba kitu maishani. Hiki ndicho cha kwanza.

"Kaka," akasema, na sauti ikamkatika, akaanza upya. "Unataka nihifadhi mia, au nikuhifadhi wewe? Vyote viwili siwezi."

Fundi Waya aliigeuza kompyuta, akaiweka juu ya mapaja ya kaka yake, akaondoa mikono.

Baadaye aliitazama. Nje mtu alikohoa. Mtu mwingine aliuliza kwa sauti ya chini kama leo mia haitoki. Baadaye aliinua kidole kizito, chenye kovu la kazi za zamani, akakipitisha juu ya Ndiyo bila kugusa, akabonyeza Hapana. Kisha akaifunga kompyuta taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto.

"Mwite binti yangu aje akae hapa," alisema. "Kiti kitakuwa mbali kwake. Mkisogeze."

"Na hospitali?"

"Tutakwenda."

"Lini, Kaka?"

Alimtazama, akaelewa anachoulizwa, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu vizuri.

"Sasa, bwana. Sasa hivi. Nipe mkono."

Fundi Waya alimvuta kaka yake kutoka garini kwa nguvu zake zote, akamkalisha juu ya matairi mapya. Kandambili ya kulia ilikuwa imebaki ndani, chini ya pedeli ya breki. Fundi Waya alijipenyeza akaitoa, akapiga magoti mbele yake, akaushika ule mguu na kuivisha, kidole gumba upande huu na vingine upande ule. Mguu ulikuwa wa baridi. Baadaye alikuwa ameinua uso anatazama mlango, ambako watu wake walikuwa bado wanasubiri kuitikia.

"Imeingia?" akauliza.

"Imeingia, Kaka."